Mume Wangu Ameandika Kwamba Arafa ni Mahali pa Kula

Mhariri, jina langu libaki kwako, na la mtoto nimelibadilisha. Nina miaka thelathini na mbili, ni mshonaji nguo, naishi mtaa wa Dallas hapa Embu na mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi. Mimi shule niliachia kidato cha pili. Mengine nimejisomea kwenye magazeti ya kufungia nyama, kwa hivyo nikikosea, mlaumuni mwenye bucha.

Nilizaliwa Maua, nyumba ya Kiislamu. Baba yangu ni msafirishaji, lori zake hubeba miraa kutoka Kangeta. Mwalimu ni Mkristo. Nilipoamua kuolewa naye, Baba hakupiga kelele. Alisema tu, "Umechagua. Nenda." Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu. Binti yetu Zai amefika darasa la tatu bila kumjua babu yake.

Mwaka juzi Baba alienda kuhiji. Aliporudi, Mama alinijia na tende na kichupa cha maji ya Zamzam, akanikalisha.

"Mwanangu, hizi zimetoka kwa baba yako mwenyewe. Anasema Arafa ni mahali pa kulia. Alisimama pale juani akaomba, akakutaja jina, akalia mpaka wenzake wakamshika."

Sijawahi kumwona baba yangu akitoa machozi. Hata siku ya kumzika mama yake alikuwa anakagua magurudumu ya lori.

Jioni Mwalimu akaniuliza Mama ameleta habari gani. Ningemwambia nini? Kwamba baba mkwe wake alisafiri mpaka Makka kumlilia Mungu kwa sababu nimeolewa na yeye? Yeye anaamini tende zilikuwa za kumkaribisha kwenye ukoo. Nikampa kipande tu: "Baba alifika Arafa. Anasema ni mahali pa kulia." Bahati mbaya wakati huo nilikuwa napakua githeri.

Siku hizo Mwalimu alikuwa anaandika kitabu cha watoto kuhusu mahali patakatifu pa dini mbalimbali. Ni mtu mwenye bidii, sikatai, ingawa mwenyewe hajavuka Thika. Sura ya Bethlehemu si mbaya, amekuwa akiisikia kanisani tangu utotoni. Ya Makka aliitoa kwangu. Na Kiswahili cha Mwalimu ni cha darasani, nyumbani kwao ni Kiembu. Kwake kulia ni lile neno lililoandikwa kwenye mlango wa kila hoteli hapa mjini: CHUMBA CHA KULIA.

Vitabu vilipotoka kwa mpiga chapa nilifungua nikakuta hivi: "Arafa ni mahali pa kulia. Mahujaji hukusanyika hapo wakala pamoja kwa furaha mchana kutwa. Babu mmoja wa Meru alikula hapo akashiba sana." Chini kuna picha. Mchoraji ni yule yule anayeandika vibao vya hoteli, kwa hivyo alichora anachokijua: wazee wamezunguka sinia la chapati, soda pembeni, mmoja amejishika tumbo. Amewavika na kanzu, wakati wanaume huko hujifunga shuka mbili nyeupe basi. Na ukurasa wa kwanza: "Namshukuru mke wangu, binti wa Haji, aliyenipa habari zote za Makka."

Nilijaribu kumwambia.

"Mwalimu, hapa kwa Arafa pana makosa. Watu hawaendi pale kula."

"Kwani wanafunga?"

"Hapana. Wanakula kama watu wengine, lakini..."

"Basi! Wanakula, nimeandika wanakula. Kosa liko wapi? Si ni wewe uliniambia ni mahali pa kulia?"

"Ni kulia kwingine, Mwalimu. Kwa machozi."

Akacheka. "Mama Zai, mtu apande ndege mpaka Makka akalie? Atalia nini, na Mungu amempa lori?"

Nikafunga kitabu. Jibu la swali hilo ni yeye.

Sasa Baba ametuma neno kwamba shule zikifungwa atakuja, kwa mara ya kwanza. Maboksi ya vitabu yako chini ya kitanda chetu, kila siku nalala juu ya Arafa. Mwalimu anataka nakala ya kwanza iwe ya Haji, aipokee mbele ya wageni. Nilifikiria kubandika karatasi juu ya ukurasa ule, lakini Zai amefundishwa kuukariri. Kila jioni anasimama katikati ya nyumba, anasema, "Akashiba sana," halafu anajipapasa tumbo. Baba yake anapiga makofi. "Tena, mama! Babu atafurahi!"

Baba yangu anajua Kiswahili. Atasikia kwamba nilichukua machozi aliyonililia, nikayageuza chapati na soda, nikamfundisha mjukuu wake kumcheka. Akiinuka pale kitini, hatarudi tena. Nikimwambia Mwalimu ukweli wote, ataanza kuuliza kama hata leo bado analiliwa, na mimi sina jibu. Mume wangu si mtu mbaya. Ameandika kitabu kizima akitafuta njia ya kumwamkia mkwe wake.

Wasomaji mliowahi kukaa kati ya watu wawili mnaowapenda, niambieni nianze na nani, na nimwambie nini, kabla shule hazijafungwa. Siku hiyo nyumba itajaa, sinia litakuwa mezani, kila mgeni atawekewa kiti chake. Mimi peke yangu ndiye sitakuwa na mahali pa kulia.