Mashine ya Angani Pale Bagira

Kabla tonton, mjomba wetu, hajaja kukaa kwetu Bagira, mambo ya nyota yalikuwa yangu. Mimi, yaya yaani mkubwa wake, ndiye niliyemwambia mdogo wangu kwamba siku moja nitafika huko juu, naye aliniamini, maana alikuwa na miaka sita. Kisha vita ikamtoa tonton kule Miti, ikamleta kwetu, mwanafunzi wa fizikia, redio kwapani, na mutoto akanihama, akamfuata yeye.

Jioni tonton alitueleza habari za mashine zinazotumwa kwenye sayari za mbali. Kule, alisema, sauti ya Dunia inachelewa sana kufika, kwa hiyo mashine inajilinda yenyewe. Ikiona hatari haingoji amri. Inazima kazi zote, inageukia jua, inabakiza sikio moja tu. Na sikio lenyewe halimsikilizi kila mtu: mpaka useme neno la siri.

Basi mdogo wangu akawa mashine, tonton akawa Dunia. Walinong'onezana neno lao mbele ya macho yangu.

"Na miye niko nani?"

"Weye uko mwezi," mutoto alisema.

"Mwezi inafanyaka nini?"

"Inazunguka tu."

Tonton alicheka mpaka akakohoa. Nilikwenda kutwanga sombe, majani ya muhogo, na sombe ya siku ile ilitwangika kweli.

Asubuhi moja risasi zikaanza upande wa barabara. Tulilala chini kwenye korido, mutoto hakuwepo. Zilipotulia kidogo nilitoka, nikamwita uani, jikoni, nyuma ya choo, kwa majina yote ya mapenzi ninayoyajua. Mwishowe nikakaa karibu na pipa la maji lililokuwa tupu.

Tonton akatoka akiinama, akanong'ona penye kila tundu: kwa kuku, kwenye gunia la makala ya kupikia, kwenye pipa. Mfuniko wa pipa ukainuka.

"Si nimekuita?" nilimwuliza mutoto.

"Nilikusikia, yaya. Lakini haukusema neno."

Nilimkumbatia, na hata hapo wivu ulinichoma. Tonton aliuona.

"Na siku Dunia haiko, nani atakufungua?" alimwuliza.

Mutoto alifikiri. Akavuta sikio langu, akalitia neno ndani.

"Sasa Dunia iko mbili," alisema. "Lakini weye uko ile ndogo."

Neno lenyewe siliandiki hapa. Bado tunalitumia.