Rangi Haitoki Mpaka Dereva Ajue

Kama hujawahi kuona mtu akikataa kuinuka kwenye kiti chake, basi hukumjua Msumari. Jina hilo alibandikwa kazini na hakulikasirikia hata kidogo. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, miwani yake ina kamba inayoning'inia shingoni, na kazi yake ilikuwa kupanga lori gani libebe mitungi mingapi ya oksijeni na kuipeleka hospitali ipi. Chumba alichokalia kilipakana na kiwanda chenyewe. Kutwa pampu zinanguruma, mitungi inagongana, mafundi wanaitana kwa kupayuka. Aliingia pale akiwa msichana, na sasa ana wajukuu. Masikio gani ya binadamu yangevumilia hayo yote yasichoke?

Chumba cha ratiba kilikuwa na meza tatu na kompyuta tatu, zote zikionyesha jedwali lilelile. Kila hospitali ina mstari wake, na mbele ya jina kuna visanduku vya hesabu ya mitungi na kisanduku cha maoni. Makarani wawili wanapokea simu na kuandika. Msumari anatazama, anapanga, anawapa madereva karatasi zao asubuhi, malori yanatoka. Ugomvi unaanza malori yakishatoka, maana hospitali hazijui kutulia. Mara huku waongeze, mara kule wapunguze. Karani akibadilisha tarakimu, inabadilika kwenye kompyuta zote tatu palepale, lakini inabadilika kimya. Ilikuwa sita, sasa ni tisa, na wewe uliyeangalia pembeni kidogo hujui lolote.

Ndiyo maana Msumari mwenyewe, enzi hizo masikio yake bado yako sawa, aliweka utaratibu: ukigusa kisanduku, piga kelele. Unasema "Nimegusa!" halafu unataja hospitali. Yeye anasikia, anamwandikia dereva ujumbe, mambo yanaendelea. Wageni walidhani ni chumba cha vichaa.

Karani wa kwanza walimwita Kasuku, na sina haja ya kueleza kwa nini. Sauti yake ilipita ukuta na pampu zote. Wa pili walimwita Mpole. Huyu dada alikuwa mchapakazi, lakini akiongea ungedhani kuna mtoto amelala karibu. Kwa muda mrefu Msumari alikuwa akimtazama midomo, na hakumwambia mtu. Aliona aibu, tuseme ukweli. Daktari alikwisha kumwambia kwamba sikio la kushoto limekufa na la kulia linafuata njia hiyohiyo, naye akarudi kazini akanyamaza.

Siku moja kituo cha afya cha ng'ambo ya mto kikaongeza mitungi. Mpole akabadilisha, akasema "nimegusa", na Msumari alikuwa amempa mgongo. Lori likaenda na mitungi ya mwanzo. Mgonjwa mmoja, mzee wa watu, ikabidi apakiwe kwenye gari la mganga mkuu na kukimbizwa hospitali kubwa huku muuguzi amemshikia mtungi wa mwisho uliokaribia kwisha. Alipona. Lakini muuguzi yule alipiga simu kiwandani, akasema maneno ambayo hata Kasuku aliyasikiliza bila kujibu.

Mpole alilia, akala kiapo kwamba alisema. Msumari akamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Ulisema. Mimi ndiye sikusikia."

Meneja alimwita Msumari ofisini. Meneja hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi, maana mtu mbaya unaweza kumtukana moyoni ukatulia. Alimkaribisha kiti, akamwandikia mambo mengine kwenye karatasi ili aelewe vizuri. Kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi unaofuata, Msumari angehamia stoo, kupokea mitungi mitupu.

"Mama, umetumika vya kutosha," alisema. "Kule hakuna presha. Unapokea, unapanga, unakaa."

"Nakaa kama mtungi mtupu," alijibu Msumari, akatoka bila kuaga.

Nyumbani mambo hayakuwa bora. Mumewe alisema kwamba stoo si pabaya, pana kivuli. Msumari akamtazama mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo kana kwamba amemwona leo.

"Kwa hiyo na wewe umeona nimekwisha," alisema.

"Sijasema umekwisha. Nimesema pana kivuli."

Aliyemwokoa mume ni wifi yake Msumari, dada wa huyo mume, mwalimu wa sekondari aliyekuwa akiishi nao na ambaye hakuna siku iliyopita bila kumchokoza. Alikuwa mezani na kompyuta yake, anaingiza alama za mitihani. Akamvuta Msumari mkono, akamsemea karibu na sikio la kulia.

"Wifi, wewe unataka kuhamishwa au unataka kusikia?"

"Kusikia ndiyo basi tena. Daktari ameshasema."

"Basi acha kusikia. Ona."

Akamwonyesha. Kila alipomaliza kuingiza alama, alinakili ukurasa mzima na kuuweka nyuma ya ule wa kwanza. Kisha aliliwekea jedwali sharti: kisanduku chochote kisicholingana na mwenzake wa ukurasa wa nyuma kijipake rangi chenyewe. Walimu wenzake walikuwa na tabia ya kumwonea huruma mtoto huyu na yule na kuongeza alama kidogo bila kusema, naye alichoka kuwauliza. Sasa hakuuliza. Alibadilisha arobaini kuwa hamsini mbele ya Msumari, na kisanduku kikawaka rangi ya chungwa. Akairudisha arobaini, rangi ikaondoka.

Msumari akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Wifi mchawi wewe," alisema. "Sogea hapo."

Kesho yake aliliwekea jedwali la kiwanda sharti hilohilo, akaongeza la kwake. Akishamwandikia dereva na dereva akajibu kwamba ameelewa, ndipo anaandika tarakimu mpya kwenye ukurasa wa nyuma, na rangi inazimika. Kwa hiyo rangi ya chungwa ilikuwa na maana moja tu: kuna badiliko ambalo dereva bado halijui. Akawaeleza makarani. Kasuku alisikitika kidogo, maana alipenda kupiga kelele.

Asubuhi nzima ikaenda vizuri. Mchana, Kasuku akapata wazo la kupanga majina ya hospitali kwa alfabeti, ili ayaone upesi. Alibonyeza mara moja tu. Jedwali lote, juu mpaka chini, likawaka chungwa.

"Mama," alisema Kasuku, "tumeungua."

Na kwa bahati ya Msumari, nani anaingia mlangoni wakati huohuo? Meneja. Akatazama kioo cha kompyuta, akamtazama Msumari, akatikisa kichwa kwa upole. Ule upole! Heri angecheka. Alisema watu waendelee na utaratibu wa zamani, na kwamba Jumatatu iko palepale.

Msumari alirudi nyumbani amenuna, hakutaka chai wala mtu. Wifi akamngoja anune mpaka achoke na kumsimulia yaliyotokea.

"Umelinganisha mstari kwa mstari," wifi alisema. "Mistari ikihama, kila mmoja anakutana na mwenzake asiyemjua. Iambie kompyuta itafute jina kwanza, popote lilipo, halafu ndipo ilinganishe."

"Na wewe hukuniambia hilo mwanzo?"

"Ulisema nisogee. Nikasogea."

Waligombana, wakacheka, wakarekebisha. Siku zilizofuata Msumari alimpa Kasuku ruhusa ya kulivuruga jedwali apendavyo: apange kwa alfabeti, apange kinyume, ahamishe mistari. Kasuku alijituma kweli. Rangi haikudanganyika tena. Lakini meneja alikuwa amekwisha kusema neno lake, na kule stoo walikuwa wamemfutia vumbi kiti.

Jumatatu ikafika. Msumari aliingia mapema kuliko wote, akaketi mahali pake, akavuta kiti mpaka tumbo likagusa meza. Meneja alipokuja alisimama nyuma yake na kuongea. Hakugeuka. Mpaka leo watu wanabishana kama kweli hakusikia au alijitia hamnazo. Mimi nasema alijitia hamnazo, na alifanya vizuri. Meneja akamgusa bega.

Msumari akageuka, akasema kwa sauti iliyowafikia hata mafundi waliopita mlangoni:

"Sisikii. Nimewaficha muda mrefu, na kwa kuwaficha nusura niue mtu. Sasa nawaambia wote: sisikii, na kesho nitasikia kidogo kuliko leo. Mwenye neno na mimi aliandike."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Mpole alikuwa ameshika mdomo.

"Mama, ndiyo maana tunakuhamisha," alisema meneja.

"Andika."

Meneja alikuwa mpole, lakini si mpole wa kuchezewa mbele ya watu. Alikwenda kwenye meza ya Mpole, akainama, akatafuta mstari wowote, na kwenye kisanduku cha maoni akaandika: Nenda stoo. Kabla hajanyanyua mkono, kisanduku kikawaka chungwa kwenye kompyuta zote tatu.

"Nimeona," alisema Msumari. "Siendi."

"Hili si suala la kwenda au kutokwenda—"

Simu ya Mpole ikaita. Masikini dada wa watu aliipokea pembeni ya kiwiko cha bosi wake, akasikiliza, akaandika tarakimu. Kwa woga, hata ile sauti yake ndogo haikutoka. Meneja aliendelea kuongea. Aliongea kuhusu usalama, kuhusu wagonjwa, kuhusu dhamana, na maneno yake yote yalikuwa ya kweli. Msumari hakuwa akimtazama tena. Alishika simu yake, akaandika, akangoja, simu ikatetemeka mkononi, akasoma, kisha akagonga tarakimu kwenye kompyuta na kurudisha macho kwa meneja.

"Unafanya nini?" meneja aliuliza.

"Hospitali ya wazazi wameongeza mitungi sasa hivi. Dereva alikuwa hajavuka mzunguko wa barabara, anarudi kupakia." Akavua miwani. "Hukusikia?"

Meneja akamtazama Mpole. Mpole akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ni kweli, wameongeza. Meneja alikuwa amesimama palepale, simu imeita chini ya sikio lake, masikio yote mawili mazima, na hakujua chochote. Uso ulimshuka. Akakumbuka kwamba ana kikao.

Hakuna aliyekwenda stoo siku hiyo. Msumari alifanya kazi mpaka mwisho wa zamu, rangi zikawaka na kuzimika, hospitali zikasumbua zilivyozoea. Kisanduku kimoja tu kilibaki cha chungwa kutwa nzima, kile cha maneno ya meneja, kwa sababu Msumari alikataa kuyaandika kwenye ukurasa wa nyuma. Kasuku alimwuliza kama akifute. Akamwambia akiguse aone.

Jioni, watu wakikusanya mikoba, meneja alirudi. Hakumsemesha mtu. Aliketi kwenye meza ya Mpole, akatafuta ule mstari, akafuta neno lake yeye mwenyewe, herufi moja baada ya nyingine, na Msumari akakaa kitini pake akiitazama rangi mpaka ikazimika.