Magimbi ya Shina Jeupe

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kwa sababu ya mdomo wa bibi yako. Nakuita mwanangu kwa haki ya shangazi, ingawa sina hata unywele mmoja mweupe, na nyumbani wanasema nauliza maswali mengi kuliko polisi wa mpakani.

Mama, ndiye bibi yako, alikuwa amerudi na majirani kutoka bondeni Kanama, vikapu vimejaa magimbi yaliyojiotea kwenye kinamasi. Yeye ndiye aliyewachagulia wote. Pale yapo ya namna mbili, majani yake yanafanana kama mapacha: moja ni chakula, jingine linachoma koo.

"Shina nyeupe njo ya kula," alisema akimenya. "Nyeusi inawasha."

"Nani alikuambia, Mama?"

"Mama yangu, kule kwetu Masisi. Ulitaka niulize profeseri yako?"

"Na kinamasi cha huku kinajua mambo ya Masisi?"

"We, université ilikufundisha kubishana hata na sufuria."

Nilicheka, lakini sikuacha. Yalipoiva nikamwambia aonje yeye kwanza, maana wewe mdogo ulikuwa tayari umepakatishwa sahani. Akakata pande kubwa makusudi, akalitafuna akinitazama, ili anikomeshe.

Ghafla akaacha kutafuna. Midomo ilivimba mbele ya macho yangu, mate yakamchuruzika, sauti ikakatika. Mkono mmoja ulishika koo. Wa pili uliipiga sahani yako ikaruka hadi ukutani. Mlio ule wa bati ungali masikioni mwangu. Nilikuwa nimeuliza kwa ubishi tu. Sikudhani hata kidogo kwamba ningekuwa sahihi.

Kwenye kituo cha afya walimtibu, pumzi ikatulia. Neno lake la kwanza, kwa sauti ya kukwaruza, lilikuwa "Vikapu." Majirani walikuwa wanangoja kupika jioni. Alikataa kurudi nyumbani kabla ya kupita kwao, mlango kwa mlango, nami nimemshika mkono.

"Niliwaonyesha vibaya," aliwaambia. "Kule nyeupe ni chakula, huku inaunguza. Mutupe yote."

"Mama, na mudomo huo tutakuamini tena?" jirani mmoja alimtania.

"Bon, huu mudomo njo ushahidi."

Basi nakuambia, mwanangu: alama ya mmea uliyojifunza bonde moja usiihamishie bonde jingine ukala. Baadaye niliichunguza mimea ile. Mmoja, kikonyo chake kimeshika katikati ya tumbo la jani. Wa pili, kimeshika ukingoni, pale jani lilipopasuka. Upi ni wa kula sikuambii, maana hata tofauti hiyo sikupi ili ule kwa kuiamini. Waulize wanaolima bonde lile lile, kisha uulize tena, hata wakikucheka. Na siku utakapogundua kwamba uliwafundisha watu kosa, usingoje uvimbe upungue. Rudi kwenye milango ile ile.

Mungu akupe ulimi usioogopa kuuliza, na miguu isiyoona haya kurudi.