Keki ya Mtamba Wangu

Binti yangu akifungua kichupa cha vanila jikoni, mimi hutoka nje. Hajawahi kuniuliza kwa nini.

Siku yangu ya kuzaliwa, nikiwa bado mtoto, mama alioka keki kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Shangazi alikuja kutoka Bariadi na vanila na sukari laini ya kupambia, maana maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa vitu tusivyovijua. Wakaniambia nimchore juu ya keki ninayempenda. Nikamchagua mtamba wangu mweusi, ambaye baba alinipa kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya wajomba zangu wote.

Nilipaka kakao mwili mzima, nikaacha baka jeupe usoni, nikabandika karanga mbili zikawa pembe. Ng'ombe akalia nje. Nikainuka. Mama akanishika bega.

"Kaa, mayu, mwanangu. Mkia bado."

Nikakaa. Mama, asiyesifia kitu, aliusifia sana ule mkia.

Tulipomaliza kuimba, nilikata kipande cha mgongoni nikakimbia nacho zizini, nikamwonjeshe mwenyewe. Nilikuta kigingi tu. Baba alikuwa amesimama pale.

"Wameshampeleka mnadani," alisema. "Tunafungua duka."

"Si ulinipa mimi, baba?"

Akakitazama kipande mkononi mwangu. "Si umetengenezewa mwingine?"

Mama akaniita kwa sauti ya upole, akisema wageni wananisubiri. Nilirudi mezani. Walikuwa wameshakula kichwa, baka na pembe zake.