Nilizima Hita, Mama Mkwe Akanyamaza

Admin, ficha jina langu, ila aibu yangu iache wazi. Nina miaka hamsini na moja, ni Mtanzania, naishi Bowie, Maryland, na mke wangu ambaye ni nesi. Wengi mnaokaa huku mnanijua: ni yule wa kwenye group anayeandika aya nane pale wenzake wanapoandika mstari mmoja. Nasoma sana, nabishana sana, kukubali kushindwa sijui. Niliponunua gari la umeme, wa kwanza kati yetu, nililitetea kama watu wanavyotetea dini.

Januari hiyo mama mkwe alikuwa kwetu, ametoka Shinyanga. Mtanzania mwenzetu alikuwa amefiwa huko Virginia, na mama alisema hawezi kukaa ndani huku watu wa kwao wanalia. Nje baridi ilikuwa ya kukata masikio. Mke wangu alikuwa na zamu. Akivaa viatu aliniambia, "Baba Neema, usisahau kupasha gari likiwa bado kwenye waya. Mama hajazoea hali hii."

Kwa asiyejua: ukilipasha gari likiwa limechomekwa, joto linatoka kwenye umeme wa nyumba, unaondoka na betri iliyojaa. Usipolipasha, hita inakula betri barabarani, na betri ikishikwa na baridi huwa dhaifu. Kulipasha ni kubonyeza simu tu. Simu nilikuwa nayo mkononi. Nilikuwa namjibu Njoroge.

Njoroge ni Mkenya wa Temple Hills, rafiki yangu na mpinzani wangu. Alikuwa ameandika kwenye group kwamba gari langu ni friji yenye magurudumu. Nilimjibu mpaka vidole vikauma. Nilipoinua kichwa muda ulikuwa umekwisha, nikachomoa waya, tukaondoka na gari likiwa baridi kama lilivyolala.

Njoroge mwenyewe tulimpitia, maana naye alikuwa anakwenda msibani. Akakaa mbele na mimi. Mama alikuwa nyuma. Kwetu mkwe hakai bega kwa bega na mama mkwe, hamtazami usoni, naye mama hamwombi mkwe kitu.

Wakati wa kurudi betri ilikuwa chini ya nusu. Njoroge akachungulia. "Boss, hii kitu itatufikisha ama tuanze kusukuma?"

"Kaa kimya, mnywa petroli."

"Si ungeomba hawa watu stima kidogo kabla tutoke?"

Niombe umeme kwenye nyumba ya msiba, mbele ya group zima? Nikazima hita. Viti vya mbele vina joto lake humo humo, halili betri sana, nikawasha hilo. Vya nyuma havina.

"Ai, kiti inachoma makalio! Kumbe hii ndiyo raha!" Njoroge akacheka, kisha akamgeukia mama. "Shosh, uko sawa huko nyuma?"

"Niko salama, baba."

Foleni ikatushika kabla ya kuvuka mto kuingia Maryland, tukatambaa. Tulipofika Temple Hills, Njoroge alishuka akagonga paa. "Haya, umenishinda. Friji imefika." Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Tukabaki wawili, mimi na mama, na hapo ndipo nilipoyasikia meno yake yakigongana. Niliyasikia. Chaji iliyobaki ilitosha kufika, haikutosha kufika na joto. Koti langu nililolivaa nisingeweza kumpa mama mkwe, mila hairuhusu. Lakini tulipita vituo vya mafuta, vina duka, vina moto, vina chai. Ningeweza kusimama. Mimi, na gari langu la umeme, nisimame kituo cha mafuta? Sikusimama.

Siku ya tatu homa ilimpanda. Hospitali wakasema nimonia. Mke wangu akaniuliza, "Lakini gari lilikuwa na joto?" Nikamjibu, "Nililipasha." Hakuuliza tena.

Jioni moja nilikuwa peke yangu na mama wodini. Akageukia ukuta, akazungumza na ukuta, ndivyo adabu inavyotaka. "Ningekohoa tu, angewasha. Mimi ndiye niliyenyamaza. Mwanangu asiambiwe, asije akaivunja nyumba yake kwa ajili yangu." Nililia nikiwa nimesimama mlangoni. Kumshika mkono sikuruhusiwa.

Alirudi Shinyanga na kifua ambacho hakikupona. Alifariki mwezi uliopita. Mke wangu hakupata ruhusa kazini, mazishi yakampita. Sasa ndugu zake wanampigia simu wakimwambia, "Ulimwita mama kwenye barafu, ukamwacha ukaenda kuuguza Wazungu." Anasikiliza, anasema, "Ni kweli, dada." Juzi nilimkuta amekaa sakafuni na sweta la mama. Akaniuliza, "Siku ile ya msiba ningeomba tu mtu anishikie zamu, si angekuwa hai?" Nikanyamaza. Mimi, ambaye sijawahi kukosa la kusema.

Najua mtakayoandika: nimonia ni vijidudu, mama alikuwa mzee. Hoja hizo nilizisoma kabla yenu, na usiku kucha ninajibishana nazo, ninashinda, na bado nayasikia yale meno.

Alhamisi mke wangu anasafiri kwenda kwenye arobaini, na kikao cha ukoo kinamsubiri. Atasimama mbele ya kaka zake akiri kosa langu akidhani ni lake. Marehemu aliniomba ninyamaze. Nikisema, namvunjia mama neno lake la mwisho kwangu, na huenda mke wangu asirudi tena Bowie. Nisiposema, atarudi amebeba kifo cha mama yake.

Njooni na ukali wenu wote, safari hii sibishani na mtu. Mlio wake na waume, mliowahi kuzika mama: nimwambie kabla hajapanda ndege? Na nikimwambia, nianze na neno gani?