Mgeni Mwenye Ratiba

Kwetu Mungaa mgeni haulizwi shida yake kabla hajala, na mgeni naye hamuulizi mwenyeji kitu kabla chakula hakijaletwa. Shangazi yangu alilishika hilo kama dini. Kila mwaka nilipowapeleka kwake wanafunzi wangu wa historia, wakasikie habari za njaa na za wazee wetu walivyohama, tulikwenda kushinda kutwa. Wanapepeta mtama, wanakula ugali na mlenda, ndipo anaanza kusema, Kinyaturu kwanza, Kiswahili baadaye.

Kisha chuo chetu cha Singida mjini kikapata uongozi mpya. Mwanafunzi akawa mteja, na somo lisilo na wateja wengi likawa la kufungwa. Langu lilitajwa mapema. Nikamwomba mkuu wetu mpya aje Mungaa siku nitakayowapeleka wanafunzi, ajionee. Kijana wa huku huku, nilimfundisha mimi.

Akaja. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, hata hajakaa keshauliza somo hili linaleta tija gani kwa jamii. Shangazi akanitazama mimi, kisha akamwambia, "Kaa kwanza, baba, chakula kiko jikoni."

Akaangalia saa, akasema ratiba imembana, akaingia kwenye gari. Na ni mzaliwa wa Ikungi, wilaya yetu hii hii, jamani. Aibu ilinishika mimi.

"Huyu nani anamkimbiza?" shangazi akauliza, wanafunzi wakacheka. Siku hiyo alizungumza mpaka jua likazama. Mkuu akaripoti kwamba safari haikuwa na matokeo.

Somo likafungwa. Nikapangiwa kufundisha Huduma kwa Mteja, nikakubali, maana nina watoto wanasoma. Uchungu ninao mpaka leo, sitadanganya.

Masika ya mwaka huo huo shangazi akafariki alfajiri. Angezikwa siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri, kama ilivyo desturi ya Waislamu. Nikaenda kwa mkuu kuomba ruhusa. Alisimama kwa heshima zote.

"Shikamoo, mwalimu. Pole sana." Halafu akanieleza utaratibu: nipate kwanza wa kunishikia kipindi, wateja wasije wakalalamika.

Nikazunguka ofisi kwa ofisi nikibembeleza watu, kila mmoja ana kipindi chake, mpaka mmoja akakubali, adhuhuri imeshapita. Nilipofika Mungaa nikakutana na watu wanarudi makaburini. Hata udongo wa mkononi sikuwahi kumtilia shangazi yangu.