Ugali wa Asubuhi

Harufu ya ukoko wa ugali alfajiri hunirudisha kwenye chumba chetu cha mtaa wa Pipeline, nilipokuwa mtoto. Darasani sikuwa natulia. Mwalimu aliniita kichwa kigumu, na majirani wakasema ninachohitaji ni kiboko tu. Mama akanipeleka hospitali, daktari akaniandikia tembe ya kunisaidia kutulia, ya kumeza kila asubuhi, akamwonya mama kwamba itanikata hamu ya kula hadi jioni. Basi mama akawa anasonga ugali kabla jua halijachomoza, na mboga ya sukuma na yai, nishibe kwanza.

Jirani alichungulia mlangoni akicheka. "Ugali saa hii? Kwani mnaenda kulima?"

"Anaenda kusoma," mama akajibu bila kugeuka, mwiko ukigonga sufuria.

Kisha aliketi, akakata tonge, akala nami, ingawa tumbo lake lilizoea chai peke yake. Nikameza dawa. Wiki hiyo, kwa mara ya kwanza, nilisoma ukurasa mzima mpaka chini.

Leo asubuhi binti yangu ameitazama sahani ya ugali, na tembe yake kando ya kikombe, akauliza kama ni chakula cha mchana. Nimeketi karibu naye, nikakata tonge langu kwanza.